Mkono wa Jenerali Begani

Siku ile naikumbuka kwa joto lake, mwanangu. Ijumaa baada ya sala, nyumbani kwa bibi yangu hapa Hail, huku Arabuni, nami msichana wa skuli nimetumwa kupangusa picha za ukumbini.

Moja nikiiogopa. Babu yangu, kijana, kasimama na jenerali wa Kichina, zama zile alipotoka Unguja kwenda kusoma China. Uso wa jenerali umepakwa wino mweusi. Umebaki mkono wake tu, umetua begani kwa babu. Kila nikipita hapo, nikihisi bega langu mimi ndilo linaloelemewa.

"Bibi, si tumkate huyu? Anatisha."

"Mkate! Na mkono utaupeleka wapi? Utamkata na babu'ako bega?"

Akanihadithia. Yule alikuwa mtoto wa mkulima maskini. Akaingia kwa wakomunisti angali kijana, akavuka milima na jeshi lenye njaa, akapigana mpaka akawa jenerali, kisha waziri. Halafu akasema mkutanoni kwamba wakulima wanakufa njaa. Wenziwe wakamwita msaliti, wakamfungia chumba kilichozibwa madirisha, akafia humo. Picha zake zikafutwa. Babu naye, angali huko China, akaamrishwa apake wino, akapaka kwa khofu. Miaka ikapita, chama kilekile kikamtangaza shujaa.

"Sasa sogea, mtazame vizuri," Bibi akasema.

Nikasogea. Wino umeanza kufifia, na macho ndiyo yaliyotangulia kutoka.

"Wallahi mimi sijaugusa," Bibi akasema kwa sauti ndogo. Akatandika msala wake upande mwengine, pasipoonekana na picha ile.

Hayo yamenirudia juzi, na hasira zinanichemka mpaka sasa. Baba yako kaniacha, na sina jema la kumsemea. Lakini mama yangu kachukua mkasi, kamkata kwenye picha ya akika yako ulipozaliwa, hata kuniuliza hakuniuliza! Ukabaki mkono umekushika wewe, kwa sababu kuukata ni kukukata na wewe.

Ukaweka kidole. "Mama, mkono wa nani huu?"

"Wa jini!" mjomba wako akarukia, anacheka.

Alicheka peke yake. Jana nimekukuta umekaa mbele ya lile tundu la picha, bega umelishika, unazungumza.

"Unasema na nani?"

"Na huyu. Anauliza uso wake uko wapi."

Nikakimbilia pipa la taka kukitafuta kile kipande kilichokatwa, gari la taka lilishapita. Basi nimechapisha picha nzima kutoka kwenye simu yangu, nimeitundika palepale. Mama kanuna. Na anune.

Nisikilize, mwanangu, na nyinyi wengine mnaonisoma, wekeni mikasi yenu chini. Mtu akikukosea, litaje kosa lake. Mfungie mlango ukitaka. Usimfute. Ukimfuta, humtoi nyumbani. Unamwacha mule bila uso, na watoto ndio watakaokaa naye. Baba yako ni baba yako, na alichonifanyia nitakwambia mwenyewe ukikua, kwa mdomo wangu.

Mungu akukuze, akupe macho ya kuwatazama wote waliokupakata, wema na wabaya, bila ya khofu. Na bega lako, inshallah, lisibebe kamwe mkono ambao mwenyewe humjui.