Mama Kwa Nini na Mwandishi wa Injili

Shangazi yangu alikuwa fundi viatu, na mtaa mzima ulimwita Mama Kwa Nini. Ukimpelekea kiatu kilichoachia soli, hakushika sindano mpaka akuulize unatembeaje hata kikaisha upande mmoja.

Jumapili moja, katika darasa la Biblia, aliinua mkono. Sote tulikuwa tumefundishwa kwamba injili ya kwanza iliandikwa na yule mtoza ushuru aliyeitwa na Yesu.

"Basi mbona," aliuliza, "akifika pale alipoitwa yeye mwenyewe, anajisimulia kama mtu baki?"

Watu walicheka. Baba, aliyekuwa kaka yake mkubwa na pia mzee wa kanisa, hakucheka. "Unanitia aibu," alimwambia njiani.

Mchungaji hakumkemea. Alimweleza kwamba injili yenyewe haimtaji mwandishi. Jina la mtoza ushuru yule ni mapokeo ya wazee wa kanisa wa baadaye, na wasomi wengi leo wanalitilia shaka. Akamwazima kitabu. Shangazi alikisoma kibandani kati ya mteja na mteja, vidole vimeganda gundi. Baba alipopata habari alikata mguu kwake, na viatu vyake akavipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, makusudi aonekane.

Shangazi hakununa. Aliendelea kuimba kwaya, aliendelea kuuliza. "Kuuliza ndiyo kuacha kuamini, wifi?" alimwambia mama.

Kisha macho ya Baba yakaingia ukungu. Sisi watoto tulimsomea Biblia mbiombio kama tunaofukuzwa. Shangazi akaja bila kuitwa, akavuta stuli, akafungua injili ile ile. Alisoma taratibu, jioni baada ya jioni, na Baba akimsikiliza ameugeukia ukuta.

Siku moja Baba alimkatiza. "Sasa kama si yeye, ni nani?"

"Sijui, kaka."

"Kusoma kote huko, na hujui?"

"Sijui. Ila sikiliza anavyosema kuhusu wenye huzuni. Huyu mtu alishawahi kulia."

Baba akageuka. "Hebu rudia hapo."

Baba alipopasuliwa macho hospitalini, kuona kulirudi, lakini aliendelea kumngoja shangazi kila jioni. Shangazi akichelewa, Baba alilalamika. Kusoma peke yake, alisema, hakumpi mtu wa kubishana naye.