Rimu za Kumpokelea Mama Mkwe

Sikuwahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea mwanyumba wangu majira ya baridi ya mwaka 2014. Tulioa dada wawili wa tumbo moja, yeye mkubwa na mimi mdogo, na hilo peke yake lilimpa haki ya kukaa katikati kila picha ilipopigwa. Alikuwa Mkenya, nesi wa hospitali, mwenye nyumba ya ghorofa kule Maple Grove, Minnesota, na gereji ambayo mlango wake ulifunguka kwa kubonyeza kitufe. Mimi nilitoka Tanga, nilikuwa nahudumia wazee majumbani mwao, na tulipanga vyumba viwili mji wa Crystal. Asubuhi yeye akitoka kwenye gereji yenye joto, mimi nilikuwa nakwangua barafu kwenye kioo kwa kadi ya maktaba, maana kikwangulio nilikiacha ndani ya gari na mlango umeganda.

Hayo ningeyameza. Lakini mwaka ule mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na mama yao alikuwa anakuja kutoka nyumbani kukaa hadi majira ya joto. Dada wote wawili walimtaka. Mke wangu alikuwa na sababu: nani angemwonyesha kuogesha mtoto, nani angemkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga? Dada mtu sikumwonea sababu yoyote. Hawakuwa na mtoto, nyumba yao ilikuwa kimya, zulia lao jeupe halikujua doa. Nikaamua kwamba ni uroho tu, wa watu waliozoea kuwa na kila kitu.

Tatizo ni kwamba kwetu, na kwao pia, mgeni akishafungua sanduku lake ndani ya nyumba, hahamishwi. Kumhamisha ni kuitukana nyumba ile. Kwa hiyo suala zima lilikuwa uwanja wa ndege: sanduku la Mama litaingia gari la nani. Dada wawili hawakutaka kugombana kwenye simu, kila mmoja akasema, "Tutaona siku hiyo," na mimi nikajua siku hiyo itaamuliwa na magari.

Gari langu lilikuwa pikapu kuukuu ya viti viwili, mimi na abiria mmoja. Injini ilikuwa nzima, ugonjwa ulikuwa chini. Rimu zake za alumini zilishaliwa na chumvi. Huku, theluji ikianguka, malori hupita yakimwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na maji yale ya chumvi hurukia kila kitu hadi Aprili. Nimekulia mji wa bahari, nimeona mabati yakitoboka kwa hewa tu, lakini sijawahi kuona chumvi yenye hasira kama ya Minnesota. Rimu zangu zilitoka vipele vyeupe pale zinapokutana na tairi, na kupitia vipele hivyo upepo ulivuja. Kila asubuhi nilianza kituo cha mafuta, nimepiga goti kwenye matope ya theluji, najaza upepo. Nikajiona nampokea Mama mkwe kwa tairi lililolala, na mwanyumba wangu anateremka kutoka kwenye gari lake kubwa akiuliza kama nahitaji msaada. Heri nife.

Nikaenda duka la matairi Brooklyn Center. Muuzaji alikuwa Mkongo tuliyesali naye kanisa moja, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Ukutani alikuwa ametundika rimu kama watu wanavyotundika picha za harusi. Jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye za kromu. Nikaitazama moja, nikajiona uso wangu wote ndani yake, hata ndevu.

"Hizi," nikasema.

"Mukubwa, hizo ni za été, za wakati wa joto," akasema Mkongo. "Hiver, hii baridi, inaomba kitu ingine."

Akanieleza, akigonga kila moja kwa funguo zake. Kromu inapendeza, lakini jiwe moja dogo likiikwaruza, maji ya chumvi yanapenya kwenye mkwaruzo, yanatambaa kwa chini, na kromu inabanduka kama ganda la kitunguu. Alumini iliyopakwa rangi ni nyepesi na haina neno, mpaka rangi yake ichubuke. Ikichubuka, vipele vinarudi. Halafu akavuta kutoka nyuma ya kaunta rimu ya chuma, nyeusi, nzito, isiyo na urembo wowote. Ilipakwa rangi ya unga na kuokwa kwenye tanuri. "Hii ikichubuka, unasugua, unapaka, inaendelea. Njo ile inavumilia." "Njo" ya kwao ni "ndiyo" yetu.

"Mbona imekaa kama sufuria?"

"Sufuria njo inapika chakula, mon frère." Akacheka, kisha akanichoma bila kujua. "Beau-frère wako, shemeji wa Maple Grove, alikuja juzi. Nilimwambia hivi hivi. Akabeba kromu."

Roho iliniuma, kweli iliniuma. Ina maana hata hapo alikuwa amenitangulia. Nikaziona akilini zile kromu kwenye dabo kabini yake, gari la milango minne lenye vioo vyeusi na viti vinavyopata joto. Nikinunua za kromu nitakuwa nimemuiga. Nisiponunua atang'aa peke yake. Wanasema kizuri chajiuza. Nilisimama pale, mkono mmoja juu ya kromu na mwingine juu ya chuma, hadi Mkongo akaenda kuhudumia mteja mwingine na kurudi.

Nikachagua chuma. Msije mkanisifu kwa busara, haikuwepo. Nilichagua chuma kwa sababu nilitaka za kwake zibanduke na mimi niwepo. Nilitaka siku Mama anatua, moja iwe imeshikwa na ukoko wa kutu, na zangu, nyeusi, nzima, zisimame kando yake. Mkongo alipokuwa anakaza nati za mwisho nilikuwa natabasamu, akadhani nimefurahia kazi yake.

Jumapili iliyofuata, kwenye maegesho ya kanisa, mwanyumba alizunguka pikapu yangu mara moja na kupiga mluzi.

"Bro, hii gari umeivalisha viatu vya mgambo," akasema. "Lakini ni poa. Zita-survive."

Mke wangu alicheka. Alicheka sana, akashika tumbo. Nami nikacheka kwa meno ya mbele tu.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili nilikagua rimu zake. Nilijifanya nafunga kamba za viatu, nikachungulia. Nilitafuta kidoa, kiputo, hata uvimbe wa ukubwa wa punje ya mtama. Wapi! Siku moja aliniinamia akauliza kama nimepoteza kitu, nikasema ufunguo, akapiga magoti na suti yake tukautafuta wote wawili, ufunguo uliokuwa mfukoni mwangu. Baadaye nikagundua siri: kila Jumamosi alilipitisha gari kwenye mashine ya kuoshea, ile inayorusha maji mpaka mvunguni. Chumvi haikupata hata muda wa kukaa. Zikazidi kung'aa. Nikalala na kuamka na rimu za mtu mwingine kichwani.

Mama alifika mwishoni mwa Januari, mchana, siku ya jua kali lisilo na joto. Tulikwenda sote wanne, kwa magari mawili. Nilikuwa nimeshampangia mke wangu: yeye arudi na dada yake, mimi nitamleta Mama na sanduku. Aliniangalia kidogo, akasema, "Haya, utaona."

Sanduku nililiwahi mimi. Nililinyakua kwenye toroli kabla mwanyumba hajanyoosha mkono, nikalitupa nyuma ya pikapu, nikalifunika turubai na kulifunga kamba. Moyo ulinidunda kwa ushindi. Kisha nikaufungua mlango wa abiria na kusimama kando, kichwa nimeinamisha kwa heshima.

Mama alikuja taratibu ndani ya koti aliloletewa, kanga kichwani. Akachungulia ndani. Akaona viti viwili. Akarudi nyuma hatua moja.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe. Hampi mkono, hali naye sahani moja, njiani hupishana kwa mbali. Mimi, kwa miaka ya kuwapeleka bibi wa watu kliniki, huku nimewafunga mikanda kwa mikono yangu, nilikuwa nimesahau kabisa. Nilifikiria chumvi, chuma, kromu, rangi na tanuri, nikasahau kiti.

Mama hakunisemesha mimi. Alimgeukia binti yake mdogo. "Hebu muulize baba mtoto, mimi anataka kunipakata?"

Walicheka wote. Dada mtu alicheka hadi akajiegemeza kwenye gari. Mwanyumba akafungua mlango wa nyuma wa dabo kabini, akasema kwa adabu zote, "Mama, karibu huku nyuma, kuna nafasi." Kulikuwa na nafasi, nani asingeiona? Nilitamani ardhi ya maegesho yale inimeze, na rimu zangu zote nne.

Mke wangu akaninyooshea mkono. "Lete ufunguo."

"Na tumbo hilo?"

"Tumbo halishiki usukani. Lete."

Akapanda, akasukuma kiti nyuma kidogo, mama yake akapanda kando yake, wakaondoka. Sanduku lilikuwa nyuma yao chini ya turubai langu. Nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa sina gari.

Basi nikapanda kwa mwanyumba, kiti cha nyuma, shemeji yangu akiwa mbele na mumewe. Kiti kilikuwa na joto kweli, nikakichukia kwa hilo. Kando yangu kulikuwa na kitu kimefunikwa blanketi. Nilipojisogeza, blanketi likateleza, nikaona kiti cha mtoto cha garini, kipya, lebo ya duka bado inaning'inia. Damu ikanipanda. Kumbe hata hiki wameshaniwahi! Wamemnunulia mwanangu kiti kabla sijanunua mimi.

"Naona mmeshatuandalia kiti cha mtoto," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Lori la chumvi lilikuwa mbele yetu, punje zinagonga kioo. Mwanyumba alipunguza mwendo.

"Hicho si cha kwenu, shemeji," dada mtu akasema bila kugeuka. "Tulikinunua mwaka juzi. Mimba yangu ilitoka ina miezi mitano. Mdogo wangu anajua. Mama hajui." Sauti yake haikubadilika. "Sikutaka kumwambia kwenye simu. Ndiyo maana nilitaka alale kwangu kwanza."

"Nilitaka kukitoa," mwanyumba akasema. "Akakataa. Nikaacha."

Nililivuta blanketi nikakifunika tena kile kiti, vibaya, upande mmoja ukabaki wazi. Sikujua mikono niiweke wapi.

"Mama hajafungua sanduku," nikasema mwishowe. "Mpigie mdogo wako. Mwambie apitilize hadi Maple Grove."

Shemeji alitikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Aanze na mtoto anayekuja."

Akafuta ukungu kwenye kioo cha upande wake kwa kiganja na kutazama nje. Mbele yetu mke wangu aliwasha taa ya kukata kona kuelekea Crystal, na mwanyumba akamfuata.