Machozi ya Safu ya Pili

Shangazi yangu hakuingia ukumbi wa michezo hata siku moja maishani mwake, na mpaka leo sijakutana na mtu aliyejua kuupima mchezo kama yeye. Nimewasikia wasomi wakiusifu mchezo kwa sababu una mafunzo. Yeye mafunzo hakuyajali. Ukimsomea mchezo mara moja, alikwambia nani kasimama mlangoni bila kazi, nani kasema maneno kupita kiasi, na ni wapi watazamaji wataanza kukohoa.

Miaka ile ya mwisho ya hamsini nilikuwa karani wa bohari bandarini, kijana wa suruali iliyonyooka na kalamu mbili kifuani, moja haiandiki. Tulikaa Timbwani, upande wa Likoni: baba, mama, mimi, na shangazi katika chumba cha uani. Changamwe kulikuwa na ukumbi wa jumuiya, na kamati yake ilitangaza kwamba inataka michezo mipya mifupi, ya robo saa, iliyotungwa na watu wa hapa hapa. Mimi nilitiwa kwenye kamati kwa sababu ya hati yangu nzuri, si kwa jingine. Nilipewa kazi ya kuisoma michezo iliyoletwa na kusema upi unafaa kupandishwa jukwaani.

Ilikuja kwenye karatasi za kila namna, mmoja ukiwa umeandikwa kwenye karatasi ya kufungia sukari. Niliisoma kimyakimya nikaiona yote mizuri. Aibu niliyokuwa nayo ni kwamba sikujua nitafute nini. Alasiri moja shangazi alikuwa akichambua mchele, akaniambia, "Soma kwa sauti, mwanangu, nami nisikie." Nikamsomea mchezo wa mlevi na mkewe na jirani. Nilipomaliza aliusogeza mchele kando, akaleta sinia la shaba na vikombe vya kahawa.

"Huyu mlevi. Huyu mkewe," akavipanga. Kikombe cha tatu akakiweka ukingoni. "Na huyu jirani. Nambia, yuwafanya nini tangu mwanzo?"

"Amesimama, shangazi."

"Asimama tu? Maskini, miguu haimuumi? Mpe kazi, au mtoe aende zake."

Nilicheka, lakini nilipoitazama tena ile karatasi niliona kweli: mtu mzima amesahauliwa mlangoni kurasa nne. Tangu siku hiyo kila mchezo ulipita kwanza kwenye sinia. Kifuniko cha birika kilikuwa hakimu au mudiri, kulingana na mchezo. Kikombe chenye ufa kilikuwa mwanamke, sikuzote. Alivisogeza polepole kwa ncha za vidole, na mimi nikisoma nilianza kuona mwanga wa taa, viti, mlango wa kushoto, mtu anayeingia na mtu anayejuta kuingia. Mambo hayo hayakuwamo kwenye karatasi. Nilikuwa nikiyaona kwenye sinia, naye ndiye aliyenionyesha.

Kulikuwa na mchezo mmoja wa mzee anayengoja barua ya mwanawe. Aliyeuandika alikuwa hajui hata kukata sentensi, na kamati nzima iliutupa. Shangazi aliviweka vikombe viwili, kimoja mbali na kingine, akasema, "Huyu ajua." Niliupigania mchezo ule hadi nikagombana na mwenyekiti. Ulipochezwa, watu walitoka ukumbini hakuna anayesema na mwenziwe. Nilipomweleza hayo shangazi, aliniuliza mara tatu.

"Wanaume? Wanaume walinyamaa?"

"Wallahi, shangazi. Wote."

Lazima nieleze kwa nini jambo hilo lilimshika. Shangazi alikuwa na mume asiyekuwa naye. Mumewe alikuwa fundi rangi kwenye uwanja wa ndege wa Port Reitz, na huko huko alioa mke wa pili. Kisha akamrudisha shangazi kwa kaka yake, "apumzike siku mbili tatu." Siku mbili tatu hizo zilikuwa zimefika miaka mitano. Hakumwacha wala hakumkalisha. Hakuleta posho wala karatasi ya talaka. Mwaka wa kwanza alikuwa akimtuma mtoto kila Alhamisi na kanzu ifuliwe, itiwe wanga, ipigwe pasi kwa ajili ya Ijumaa, maana hakuna aliyejua kunyoosha kanzu kama shangazi. Naye alikuwa akiinyoosha. Halafu hata kanzu ikaacha kuja.

Baba aliona haya kumsimamisha dada yake mbele ya kadhi. Alikuwa akisema subira, subira, mpaka neno lenyewe likanichosha masikio. Mwaka huo mama alimshikilia, na hatimaye baba akakubali: mfunguo mosi ukiandama, Ramadhani ikisha, atampeleka shangazi kwa kadhi, ndoa ivunjwe, awe huru aolewe au akae apendavyo. Ilibaki miezi minne.

Ndani ya miezi hiyo shangazi aliandika mchezo wake. Aliuandika kwa herufi za Kiarabu, kama wanawake wa kwetu walivyofundishwa chuo cha Kurani, kwa penseli, kwenye daftari dogo. Mimi nikaunakili kwa herufi za Kizungu ili kamati iweze kuusoma.

"Tia jina lako," aliniambia. "Jina la mwanamke likibandikwa ukutani, babako atatufukuza sote wawili."

Nikatia langu. Sikujikataza sana, nakiri.

Mchezo ulikuwa na watu wawili tu. Mwanamke ananyoosha kanzu. Mwanamume anaingia, anauliza, "Kanzu yangu i wapi?" Mwanamke anamuuliza, "Bwana, nikae au niende?" Mwanamume hajibu, anaivaa kanzu, anatoka. Hivyo mara tatu, siku tatu. Mara ya tatu mwanamke anageuka asimtazame. Anampa kanzu kwa mkono wa nyuma na kuuliza swali lake akiutazama ukuta, na mwanamume anasimama kidogo, kama atakayesema, kisha anauliza kofia yake i wapi. Basi, mwisho.

Kwenye sinia ulikuwa mchezo wa kutisha. Alikigeuza kile kikombe chenye ufa, akaondoa mkono. "Hapa wanyamae," alisema. "Wanyamae mpaka kila mmoja asikie pumzi zake." Nami nilinyamaza, nikasikia zangu. Kisha akaniambia alichokuwa akikitaka tangu mwanzo: nimpelekee mumewe kadi ya mwaliko, mkononi, na nihakikishe amekuja. Alikuwa hataki kumwaibisha. Alitaka aketi gizani na wanaume wenziwe asikie, kisha arudi nyumbani aamue mwenyewe kumchukua au kumwacha. "Kadhi atamlazimisha," alisema. "Mimi nataka ajue."

Nilikwenda Port Reitz na kadi. Nilimkuta na ndoo ya rangi, mtu mnene, mchangamfu. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba kwa mapenzi kabisa, akaniambia nimekuwa mwanamume. Nilitamani awe mtu mbaya. Aliniahidi atakuja na wenzake, na kweli alikuja.

Jumamosi hiyo ukumbi ulijaa. Mwanamke wa kumchezesha hatukuwa naye, wala hakuna baba ambaye angemtoa binti yake, kwa hiyo kamati ilimpa sehemu hiyo kuli mmoja wa gatini, kijana mwenye mabega mapana na ndevu zilizonyolewa asubuhi zikaanza kurudi adhuhuri. Kwenye mazoezi alikuwa akijitahidi, maskini. Lakini siku yenyewe mtu alimfunga kanga na kumtia matambara kifuani, na alipotokea tu na pasi mkononi, ukumbi ulilipuka. Nilijiambia watatulia. "Kanzu yangu i wapi?" akauliza mwenziwe, na watu wakapiga miluzi. Mara ya pili walikuwa wakilisubiri neno lile. Mara ya tatu walilisema pamoja naye, ukumbi mzima, huku wakipiga miguu sakafuni. Kijana wa watu alipougeukia ukuta, matambara yalimhama upande, na pale pa kunyamaza ndipo palipokuwa na kelele kuliko pote.

Mume wa shangazi alikuwa safu ya pili, kiti cha tatu kutoka kushoto. Sikuangalia jukwaa tena, nilimwangalia yeye. Alicheka mpaka akainama. Alipiga mapaja yake, akamshika mwenziwe bega, akasema na wengine, "Kanzu yangu i wapi!" Kisha akatoa leso akapangusa macho, maana machozi yalikuwa yakimtiririka mashavuni. Nilitafuta usoni mwake japo kivuli cha kujitambua. Hakikuwamo. Baadaye alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kijana, umetuvunja mbavu leo," alisema. "Tunga mwingine." Nami nilimwambia ahsante. Nilisema ahsante, na nilitabasamu.

Nilirudi kwa basi hadi kisiwani, nikavuka feri, nikiwa nimekufa moyo. Nilipanga kumwambia kweli, neno kwa neno. Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa nilipoingia uani. Shangazi alikuwa bado juu ya msala wa kuswalia, amejifukiza udi, na mbele yake sinia limewekwa na vikombe viwili tu.

"Alikuja?"

"Alikuja, shangazi."

"Kakaa wapi?"

"Safu ya pili."

Alikisogeza kikombe kimoja kikakaa ukingoni mwa sinia, safu ya pili. "Na nilipogeuka," alisema, si mwanamke alipogeuka, nilipogeuka, "yeye alifanya nini?"

Nilikuwa na majibu mengi ya uongo na moja la kweli. Nikachukua la kweli nikalitumia vibaya.

"Nilimwona akipangusa machozi," nikasema.

Aliufunika uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani analia, kumbe anamshukuru Mungu.

Mfunguo mosi ulipoandama, baba alivaa joho lake, akabisha mlango wa chumba cha uani. Shangazi alitoka akamwambia haendi kwa kadhi. "Mtu aliyelia haburutwi mahakamani, kaka. Ataja mwenyewe, inshallah. Aona haya tu." Baba hakuuliza alijuaje. Alifurahi, nilimwona, akalivua joho pale pale kibarazani. Mama alinitazama mimi. Nilishika kikombe cha chai nikanywa ingawa kilikuwa kitupu.

Nilijaribu kurekebisha, kama ni kujaribu. Nilikwenda Port Reitz mara moja, peke yangu, nikiwa nimepiga moyo konde kwamba nitamwambia amwache au aje. Aliponiona tu toka mbali alinyoosha mikono. "Kanzu yangu i wapi!" akaniita kwa sauti, na mafundi wenzake wakacheka. Kumbe ndilo lililokuwa jina langu kule tangu siku ya mchezo. Akaniuliza, "Shangazi yako mzima? Msalimie sana." Nikamjibu ni mzima, kisha nikamuaga. Salamu nilizifikisha. Shangazi alizipokea na kuzizungumza wiki nzima.

Hakuandika tena. Nilipomletea michezo ya watu alisikiliza kwa adabu, lakini vikombe havikusogea, na bila yeye nilirudi kuwa yule karani anayeona kila kitu kizuri. Nilijitoa kwenye kamati. Baba alifariki mwaka uliofuata. Ningeweza kumpeleka shangazi kwa kadhi mimi, nilikuwa mtu mzima, lakini ili akubali kwenda ingenibidi nimwambie mume wake alikuwa akilia kwa kitu gani. Kila asubuhi nilisema leo. Hakuna cha leo. Nilikuwa mwoga, na sitafuti neno jingine.

Habari zilikuja zenyewe, miezi miwili kabla ya Uhuru. Mumewe alianguka kutoka kwenye ngazi, akiwa kazini, hakufika hospitali. Na kwa kuwa hakumwacha, shangazi alikuwa mke wake halali, na sheria ni sheria: miezi minne na siku kumi za eda. Akavaa nyeupe. Hakuna udi, hakuna wanja, hakuna kutoka nje, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa amekanyaga mlango wetu kwa zaidi ya miaka minane. Kule Port Reitz mke wa pili alikuwa akipokea mikono ya pole. Kwetu walikuja majirani wawili.

Siku ya Uhuru Timbwani nzima ilihamia barabarani. Watoto walipita wakiimba na vibendera vya karatasi, wapo waliovishika juu chini. Mama alikwenda kutazama. Mimi nilibaki uani na shangazi, kwa sababu yeye hakuruhusiwa kutoka na mimi sikuona nina haki ya kutoka. Ngoma zilisikika kutoka upande wa feri.

Akaniambia nimletee sinia. Miaka ilikuwa imepita bila kuliomba, na ilibidi nilipanguse vumbi. Akaviweka vikombe viwili, kile chenye ufa kikiutazama ukuta. Alikitazama kile kingine kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "kuna wanawake wanaofiwa wasiwe na kitu. Mimi nnayo yale matozi." Akakigusa kikombe kwa kidole. "Hebu nambia tena. Alilia sana?"

Ngoma ziliendelea. Nilikuwa na umri wa kusema kweli, na yule mtu alikuwa ameshakufa, hapakuwa na wa kumwogopa.

"Sana, shangazi," nikamwambia. "Mpaka akainama."