Sifa za Udi Kutoka Ughaibuni

Kuna duka la udi Ndia Kuu, Mombasa, ambalo hununui kitu mpaka kipande kitiwe kwenye chetezo, ukinuse mwenyewe. Juzi nilikuwa bado nanusa changu, binti wa mwenye duka akaingia na simu, uso umemkunjuka.

"Mama, yule dada wa Ulaya amekubali! Atautangaza udi wetu, nasi tumpe fungu lake kwa kila atakayenunua."

"Ni yule ambaye watu walipa kila mwezi kumtizama mtandaoni? Kwani afanya nini?"

"Apika, ajipamba, azungumza. Si mambo mabaya, mama. Hebu tizama, ametuma tangazo ili tulikubali kwanza."

Kwenye simu, mwanamke alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, akasema kwa Kiingereza kwamba tangu auchome udi huo, nyumba yake yote yanukia Mombasa. Binti akamtafsiria mamake, neno kwa neno, kwa furaha.

Mama hakucheka. Aliinama, akatoa chini ya meza kifurushi kilichoandikwa jina la mwanamke yule yule, akakiweka mbele ya bintiye.

"Mzigo wake si huu? Haujatoka. Amechoma nini?"

"Watangazaji wote hufanya hivyo, mama."

"Haya. Basi na hao wateja wake wajifanye wametulipa."

Kifurushi kikarudi chini ya meza.

Tangu siku hiyo, nikiona mtu amefumba macho kwenye simu akisifu kitu, hujiuliza: mzigo wake uko chini ya meza ya nani?