Bunduki ya Upepo na Mafuta ya Cherehani

Ujinga wa kwanza nilioufanya ulikuwa kuifungua bunduki iliyokuwa nzima. Nauweka mbele kabisa, maana najua mtauuliza. Bunduki haikuwa na kasoro. Mwenye kasoro nilikuwa mimi, mikono yangu haijawahi kujua kutulia. Hata sasa niko kidato cha tatu, mwalimu wa hesabu amenihamishia dawati la mbele kwa sababu lile la nyuma nililifungua skrubu, likaanguka na watu wake.

Yote yamenirudia jana. Nimefika kutoka shule, mama yuko barazani anatia mafuta cherehani yake. Mafuta yale yana harufu ya peke yake, kama petroli iliyooga ikajipaka poda. Yakanipanda puani. Nikawa tena mtoto wa darasa la sita, nimejibanza nyuma ya choo chetu pale Nachingwea, bisibisi mkononi, natazama huku na huku kama mwizi wa kuku.

Bunduki ilitoka kwa mjomba Bakari, kaka pekee wa mama. Alikuwa akitunza bustani ya mzungu mmoja Dar es Salaam, na mzungu alipofungasha kurudi kwao akamwachia vitu: viatu visivyomtosha, blenda, na bunduki ya upepo. Sisi Wamwera, mali ya mjomba humtazama mtoto wa dada. Baba yangu angeweza kumiliki treni, mimi macho yangu yangebaki kwenye mifuko ya mjomba. Basi siku niliyotoka jandoni, nina shati jipya na kichwa kinang'aa mafuta ya nazi, mjomba akanikabidhi mbele ya watu.

"Haya mpwa wangu, umekuwa mwanamume. Blenda nampa mama yako."

Ilikuwa fupi, inaingia kwenye mfuko wa shule ukiilaza kimshazari. Na haikuwa ya kukunja kila unapotaka kupiga, kama zile za zamani ambazo ukishakosa mara ya kwanza ndege anapata nafasi ya kuaga jamaa zake. Hii ilikunywa gesi kwenye vichupa vidogo vya chuma. Ukishatia kichupa, kazi yako ni kuvuta kifyatulio tu, ta, ta, ta, risasi zinafuatana kama watoto wanaokimbilia uji. Mjomba aliniachia mfuko wa vichupa na sharti moja: nisimlenge mtu, wala kuku yeyote.

Mama akaongeza lake. "Na usiifungue, Issa."

Jamani. Kama asingesema!

Nilianza na kitako. Kilikuwa kirefu kwa mkono wangu, nikakikata kwa msumeno wa seremala jirani wakati amekwenda kuswali. Nikakata mno. Nikakiunga kwa kipande cha mninga, nikakisugua kwa msasa mpaka kikalainika kama shavu, kisha nikakipaka rangi ya bluu iliyobaki tulipopaka mlango wetu. Mlango na bunduki vikawa ndugu. Mkanda wa begani niliutoa kwenye tyubu ya baiskeli, na pa kulengea nikafunga pete ya pazia. Kila jioni ilikuwa bunduki nyingine. Washikaji wa uwanja wa mpira walikuja kuiona, nami natungua makopo ya nyanya mbele yao, halafu napuliza mtutu ambao haukuwa na moshi wowote. Ujiko mtupu.

Nje kulipokwisha kupambwa, nikabaki kuwaza ndani. Sikulaza damu. Siku moja nikatandika kanga ya mama nyuma ya choo, nikaifungua yote. Springi iliruka, nikaidaka. Skrubu nilizipanga vizuri kabisa. Lakini kulikuwa na kapete kadogo ka mpira, kale kanakoizuia gesi isitoroke, kakabingirika kwenye vumbi, na jogoo wetu akakadona. Nilimkimbiza mpaka ua wa pili. Alikwisha kumeza. Ningempiga risasi, ila sharti la mjomba lilinikataza, na hata hivyo bunduki ilikuwa imelala vipande vipande kwenye kanga.

Nikakata kapete kengine kwenye tyubu, nikakaogesha kwenye mafuta ya cherehani ili kateleze. Jioni hiyo bunduki ilipiga, nikajiona injinia. Sikujua kwamba mpira wa tyubu na mafuta haviishi nyumba moja. Kesho yake kapete kamevimba na kulegea kama ugali uliomwagiwa maji. Kichupa nilichotia kikatoa pssss ndefu, kisha kimya. Nikakata kapete kapya, nikaongeza mafuta, nikatia kichupa kingine. Pssss. Jioni baada ya jioni, hadi mfuko wa mjomba ukaisha. Sikumwambia mtu. Utaanzaje kusema, na wewe ndiye kamanda wa uwanja mzima?

Hapo ndipo ujumbe ulipokuja kutoka Mandawa, upande wa Ruangwa, kwa bibi yangu mzaa mama. Mtama umekomaa na ndege wameshuka. Miaka yote aliyekuwa akiamia, yaani kushinda shambani akifukuza ndege, ni mjomba Bakari, aliyekuwa akirudi kila msimu, naye mwaka huu kazi mpya ilimzuia Dar. Bibi alibaki na Zuhura, mtoto wa mama mkubwa, wa rika langu. Mtama ule ndio ulikuwa chakula chao mpaka msimu mwingine.

"Shule mmefunga," mama alisema, macho yakiwa kwenye sindano ya cherehani. "Nenda kamlindie bibi yako shamba. Beba na bunduki yako."

Safari nilipanda lori, juu ya magunia. Sikukaa gunia moja. Nikihamia hili, nalitoka naenda lile, hadi utingo akaniuliza, "Dogo, una chawa?" Sikuwa na chawa. Nilikuwa na maiti ya bunduki mapajani, na shamba zima linaisubiri.

Bibi Kiswahili alikiokota sokoni, lakini kwenye utani hakupungukiwa neno. Aliponiona akapiga vigelegele. "Mume wangu kaja na bunduki! Zuhura, mpikie mume wangu. Ndege mwaka huu watahama wilaya!"

Zuhura akaitazama ile bluu. "Hii umeing'oa kwenye dirisha la nani?"

Asubuhi yake, umande haujakauka, tukapanda dungu, lile jukwaa la miti linaloinuliwa katikati ya shamba. Watoto wa jirani nao wakaja kushuhudia. Jua likachomoza na ndege wakaja nalo, wadogo, wengi, kama mtu kakung'uta mkeka wa makombo angani. Walipotua, masuke yakainama kwa pamoja, na ukawasikia wanavyobangua.

"Piga basi!" Zuhura akasema.

Nikalenga kwenye pete ya pazia. Nikavuta. Haikutoa hata ile pssss yake. Nikaitikisa, nikavuta tena. Watoto wakaanza kucheka, na kutoka chini bibi akauliza kwa upole, "Mume wangu, inasali?"

Nikaruka chini, nikakimbia. Sikuwa na ujanja mwingine. Nilikimbia ndani ya mtama napiga makofi na kupayuka, Zuhura upande wa pili anarusha madongo ya udongo aliyoyabandika kwenye ncha ya fimbo. Tukiwatimua huku, wanatua kule. Siku zikaenda hivyo, sauti ikanikauka, mabua yakanichana miguu. Na kona ya bondeni wakaimaliza. Bibi alikwenda kuipapasa, suke moja baada ya jingine, matupu. Nikangoja anitanie. Hakunitania. Alikata bua moja, akalitafuna utamu wake, akaondoka. Nilitamani anitukane tu, yaishe.

Basi mikono ikaanza kuwasha. Nikazunguka kijiji kuomba makopo mabovu, Zuhura akachuna magome ya miyombo tukasokota kamba. Tukasimika vijiti shamba zima, kila kijiti na makopo yake, kamba zote zikaja dunguni. Zilihitaji mpini mmoja wa kuzivuta. Mtutu nikauchomeka kwenye upenyo wa jukwaa, kamba nikazifunga kwenye kile kitako cha bluu. Ukikisukuma, shamba zima linalia: kwalang'ata, kwalang'ata! Ndege wakaruka hadi wakagongana.

Zuhura akasukuma, akasukuma tena, akacheka. "Sasa hii ndiyo bunduki."

Kukimbia hakukuisha. Kamba zilikatika, na ndege nao wana akili, wakizoea kelele wanarudi. Lakini mtama uliobaki ulifika ghalani, na bibi akarudi kuniita mume wake.

Mama alikuja wakati wa kuvuna. Nikamweleza, uso mkavu, kwamba kwa bahati mbaya bunduki iliharibikia safarini, juu ya lori. Alichonijibu nilikichukua kama masimango ya kawaida, nikacheka, nikakimbia zangu. Sasa bibi hawezi tena kupanda dungu, Zuhura ameolewa, na kila likizo ya mtama lori lile lile linanibeba bila bunduki yoyote. Nikiwa juu ya magunia, nahama kutoka hili kwenda lile, nayasikia maneno yake vizuri zaidi kuliko siku aliyoyasema. Alikuwa anapepeta, hata ungo hakuusimamisha:

"Safarini wapi? Ilikufa nyuma ya choo, nikiisikia inakata roho kila jioni. Mama yangu sikumpelekea bunduki, Issa, nilimpelekea hiyo miguu yako isiyotulia. Na kopo langu la mafuta ulijaze."