Baridi Huingia kwa Miguu

Visa ya mama ilikataliwa nikiwa na mimba ya miezi minane. Alinipigia simu kutoka Mombasa, sauti yake iko chini, na siku hiyo hakuuliza nakula nini wala nalala vipi. Aliuliza swali moja tu: "Sasa nani atakufunga mkaja, mwanangu?"

Nilimwambia asijali, nikakata simu, nikalia. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Mamake humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji wa pilipili manga, na humfunga mkaja, kile kitambaa kirefu cha kubana tumbo hadi lirudi mahali pake. Hapa Guangzhou, Uchina, nilikuwa na mume, nyumba ya vyumba viwili huku Xiaobei, na kazi ya kuwanunulia wafanyabiashara wa nyumbani nguo za jumla kwenye masoko ya Guangyuan Xilu. Mtu wa kunikanda sikuwa naye. Nilimuuliza rafiki yangu Mnairobi, mwenye ofisi ya mizigo pale jengo la Tianxiu, kama anamjua mama yeyote wa pwani mwenye mikono ya kazi hiyo. Alinijibu kwa neno ambalo wenye maduka hapa hutufukuzia wakati bidhaa hakuna.

"Mei you, dada. Konteina ya viatu nakupatia kesho asubuhi. Lakini shosho wa kukukanda? Mei you kabisa."

Ndipo mume wangu aliponiambia, huku akiangalia kando, kwamba mamake anakuja. Mume wangu ni wa Guatemala. Tulikutana hapa hapa, sote wawili tukiwa wanafunzi, naye siku hizi anafundisha Kihispania. Mamake anaishi katika mji mdogo wa milimani na alikuwa hajawahi kupanda ndege. Kwa mdomo nilisema vizuri. Moyoni nilisema afadhali nibaki peke yangu.

Nina sababu. Miaka miwili kabla ya hapo tulikwenda kwao kwa siku kumi, ili nikaonekane. Nchi niliipenda tangu asubuhi ya kwanza. Niliamshwa na makofi, nikadhani kuna watu wanashangilia. Kumbe ni wanawake wa nyumba ya pili wanapiga tortilla viganjani, vile vichapati vya mahindi wanavyokula asubuhi, mchana na jioni kama sisi na ugali. Mtu akiingia dukani huwasalimu wote waliomo, awajue asiwajue, nami nimelelewa hivyo hivyo, kwa hiyo nilijisikia niko nyumbani. Kahawa yao, pamoja na sifa zake zote duniani, majumbani wanaipika nyepesi na tamu, na huchovya mkate ndani yake vile tunavyochovya mandazi kwenye chai. Juu ya mji kulikuwa na mlima wa moto unaofuka moshi, na chini yake watu walianika nguo bila hata kuutazama. Mimi niliutazama kwa niaba ya wote, kila baada ya dakika tano, na mkoba wangu nimeuweka karibu.

Tatizo lilikuwa miguu yangu. Nilipofika mlangoni nilivua viatu, kama mtu yeyote aliyefunzwa adabu, nikaingia pekupeku juu ya vigae. Mama mkwe alikuwa amekwisha kunyoosha mikono anikumbatie. Akatazama chini. Mikono ikasimama hewani, akamwambia mwanawe maneno ya haraka haraka, akaingia ndani na kurudi na ndara za buluu. Nilizivaa kwa heshima, na nilipofika chumbani nikazivua.

Huo ukawa mchezo wetu. Mimi navua, yeye ananifuata nazo. Nikiomba maji ya baridi, naletewa ya uvuguvugu. Nikifungua dirisha, anafunga. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata sahani sikuachiwa nioshe, eti nitashika maji baridi. Mimi ni mwepesi wa kununa, sikatai. Niliamua kwamba mwanamke huyu ananiona mshamba aliyetoka kusikojulikana viatu. Siku ya kuondoka nilizisukuma zile ndara chini ya kitanda kwa kidole cha mguu, nikaziacha huko makusudi.

Mtoto wetu, msichana, alizaliwa salama. Mama mkwe alifika siku ya nne. Alinikuta nimejilaza kwenye kochi, kiyoyozi kinanipuliza, miguu mitupu, maana joto la Guangzhou mwezi ule lilikuwa joto la Mombasa lililonyimwa upepo. Aliingia, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amechoshwa na ndege tatu, mkoba ameukumbatia kifuani. Hakumtazama mtoto kwanza. Alitazama miguu yangu. Nikajisemea, haya, tumeanza.

Alizima kiyoyozi. Akanivisha soksi za mwanawe. Mume wangu akatumwa sokoni kutafuta kuku aliye hai, si wa barafu, na mama mkwe akapika supu nzito yenye viungo alivyotoka navyo kwao. Niliinywa nimenuna, jasho likinitoka, na ilikuwa tamu. Kisha akafungua ule mkoba, akatoa mshipi mpana mwekundu uliofumwa kwa mkono, mrefu kama kanga mbili zilizounganishwa, akaniambia kwa Kihispania cha polepole nisimame niachie tumbo.

"Huu ni wangu," alisema. "Nilifungwa nao nilipomzaa mumeo. Siku arobaini hutoki nje, hushiki maji baridi."

Nikamwomba arudie, siku ngapi. Akarudia. Arobaini. Nililia kwa sauti, mpaka mume wangu akaja mbio kutoka jikoni, akakuta nacheka pia. Sijui kama nimewahi kupata nafuu kama ile. Tangu simu ya mama nilikuwa nimejikaza, na sasa mwili wote ulilegea mikononi mwa mtu niliyemwogopa.

Tulimpigia mama kwa video. Alisogeza uso kwenye kioo hadi tukaona paji la uso tu.

"Shusha kidogo, mwenzangu," alisema kwa Kiswahili. "Hapo. Sasa kaza."

Mama mkwe, asiyejua hata neno moja, alishusha kidogo, akakaza.

"Anajua," mama alisema. Akaondoka kwenye simu kwa muda, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Siku zikaenda. Bibi wa Kichina wa mlango wa pili alileta bakuli la mayai na tangawizi yaliyopikwa kwa siki, chakula chao cha wazazi. Aliziona soksi zangu, akamwinulia mama mkwe kidole gumba. Nilikuwa nimezingirwa.

Wiki ya pili, mama mkwe akikunja nepi, nilimuuliza siku ile mlangoni kwake aliona nini miguuni mwangu.

"Baridi huingia kwa miguu, binti yangu," alisema, "na hupanda mpaka kwenye tumbo la uzazi. Mimi nilikua bila viatu, hatukuwa na uwezo. Nikazaa mumeo tu. Wanne walitoka kabla ya wakati wao. Wewe ukaingia pekupeku juu ya vigae vyangu. Niliogopa."

Daktari angekuwa na maelezo mengine, najua. Sikuyafikiria. Niliona aibu iliyonipasha joto kuliko supu, nikamwambia kwamba zile ndara niliziacha chini ya kitanda makusudi.

"Najua," alisema. "Nilifagia."

Akainuka, akaenda kwenye mkoba wake, akarudi nazo, za buluu, zimeoshwa. Nilivua soksi, nikamnyooshea miguu.