Fiston Hakuipitisha Ile App

Mpaka saa hii haiingii akilini mwangu. Fiston ameenda. Homa tu, sisi tukijua atarudi kazini, na jana tumemuzika.

Nimechoka, jamani. Naandika nimekaa kitandani, viatu bado miguuni.

Kwa wenye hamukumujua: tulifanya naye kazi hapa Gisenyi, kwa kaofisi kadogo kenye kutengeneza app ya kusikiliza muziki kwa simu za bei ya chini. Sisi wawili tulikuwa wa kuijaribu. Yeye ndiye mwenye kusema imepita ao haijapita.

Na alikuwa mugumu, yewe!

Hakujaribu mezani. Alipanda nayo moto, pikipiki ya abiria, mpaka Rugerero, aone kama muziki inakatika kwenye mashimo. Alisimama nayo kwa foleni ya kwenda Goma, jua kali, aone kama kioo kinasomeka.

Kule Bugeshi alimupa shangazi yake ile simu akitoka kuvuna viazi, vidole vimekufa baridi. Shangazi akashindwa kusimamisha wimbo. Fiston akarudi ofisini: "Bon, mukuze vifungo." Bosi akaguna, lakini vikakuzwa.

Halafu ile siku ya kilio kwa jirani. Hapa kwetu nyumba ikiwa na kilio hata redio inazimwa. Fiston alikuwa ameshusha ekuteri za masikio shingoni, akasahau kuzima. Waya ikachomoka, app ikaendelea kupiga kwa spika, tena muziki ya kucheza! Wazee wote wakageuka. Aliponisimulia nilicheka mpaka nikakaa chini.

Yeye hakucheka. "Waya ikitoka, muziki inyamaze. Bila hiyo mi sipitishi."

Bosi akasema hiyo ni bug ndogo, itangoja update. Wakabishana kila meeting. Ugonjwa umemukuta bado wanabishana.

Jana baada ya mazishi tumekaa kwao, bosi akaniinamia. Eti release ni wiki ijayo, app inatolewa kwa watu, jina la Fiston litawekwa ukurasa wake wa mbele, kwa heshima yake. Mi niandike tu, kwa niaba ya marehemu, kwamba ilipita.

Mana yanjye, Mungu wangu. Hata nguvu ya kukasirika sikuwa nayo.

Mama yake alikuwa karibu, akasikia. Akaniuliza polepole: "Binti yangu, Fiston alisema imepita?"

"Hapana, Mama. Alikataa."

"Donc, basi, muache vile alisema." Akarudi kupokea wageni. Bosi akaangalia chini.

Leo nimetuma ripoti: haijapita. Nimeandika jina lake, na langu chini yake. Kama kazi bado ninayo, sijui, na leo sina hamu ya kujua.

Fiston, ulinichosha we, kila kitu turudilie, turudilie. Nani atanichosha sasa? Nakulilia, ndugu yangu.

Pumzika kwa amani yako yote. Kitu ulikataa, hakuna mutu atasema ulikubali.